Mafuta hayatoki, au yametoka na uchafu: kutafuta kosa unapokamua mwamba wa mafuta kwa viyeyushi

Karibu kila anayeanza kukamua mwambatope wa mafuta kwa viyeyushi hukutana na matatizo yaleyale, na karibu kila mmoja hukimbilia dawa ileile: anabadili kiyeyushi. Leo dikloromethani, kesho tolueni, keshokutwa mchanganyiko aliousikia kwa mwenzake. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili nzima. Mwishowe nikachukua mwamba uliokwisha kukamuliwa, ambao kiyeyushi kilikuwa kinapita ndani yake na kutoka bila rangi yoyote, nikauweka kwenye bomba la kioo na kuupasha moto hadi nyuzi 500. Haukupita muda mrefu mafuta ya kahawia yakaanza kudondoka upande wa pili. Malighafi yake ilikuwemo siku zote. Kiyeyushi ndicho hakikuwa na uwezo wa kuigusa.

Kwa hiyo nitakuomba usiguse chupa ya kiyeyushi kipya kabla hujafanya mambo matatu. Kwanza, endesha mzunguko mtupu: vyombo vyote, kiyeyushi, kifuko cha sampuli, bila mwamba ndani. Pili, pima mwamba kabla na baada, pima mafuta, uone kama hesabu inafungana. Tatu, ujue mwamba wako una mafuta kiasi gani. Kipimo kinachotumika ni cha Fischer: gramu 100 za mwamba uliopondwa hupashwa nyuzi 12 kwa dakika hadi 500, kisha huachwa hapo dakika 40, na mafuta yanayotoka hukusanywa na kupimwa. Bila namba hiyo huwezi kusema mafuta ni "machache". Machache kuliko nini?

Mwongozo huu ni wa maabara na mitambo midogo ya majaribio. Unahusu mwamba wenye kerojeni, yaani mata ogania (mabaki ya viumbe) isiyoyeyuka ambayo hugeuka mafuta ikipashwa moto: ule wa Estonia, wa Green River kule Marekani, wa Jordan na mingineyo. Hauhusu mafuta ambayo tayari ni mafuta na yamebanwa tu kwenye mwamba mgumu. Hayo yana shida zake nyingine.

Dalili ya 1: Mafuta yanatoka kidogo mno

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, nami nitakaa nalo.

Sababu inayoongoza ni kutarajia kisichowezekana. Mata ogania iliyomo kwenye mwamba huu ni ya aina mbili. Iko bitumini, ambayo huyeyuka, na iko kerojeni, ambayo ni molekuli kubwa zilizofungamana kama wavu na haziyeyuki katika kiyeyushi cha kawaida hata ukikiacha mwezi mzima. Bitumini ni sehemu ndogo, mara nyingi haifiki moja ya tano ya mata ogania yote. Kama kipimo cha Fischer kinakupa gramu 10 na kiyeyushi kinakupa gramu 1, huenda hakuna kosa lolote. Umemaliza bitumini. Kilichobaki ni kerojeni, nayo haitoki mpaka ivunjwe.

Jinsi ya kuhakikisha ni rahisi: kausha mwamba uliokamuliwa, uupime tena kwa Fischer. Mafuta yakitoka mengi, jibu umelipata, na usipoteze senti nyingine kununua viyeyushi.

Kama hilo umelikagua na bado unapata kidogo kuliko bitumini unayojua imo, fuata mpangilio huu.

Unyevu. Mwamba uliolowa hufunika vinyweleo vyake kwa maji, na dikloromethani au heksani haipenyi. Kausha kwa nyuzi 40 hadi 60 mpaka uzito usimame. Wengi hukausha kwa 105 kwa sababu ndiyo desturi ya maabara, lakini kwa joto hilo sehemu nyepesi za mafuta zinaanza kukutoroka kabla hujaanza kazi.

Ukubwa wa chembe. Chembe zikiwa kubwa, kiyeyushi hakifiki katikati. Ponda mpaka ipite kwenye chujio la milimita 0.25 au 0.15. Usizidishe. Unga laini kama poda hushikamana, kiyeyushi kikatafuta njia moja na kupita hapohapo kila mara. Fungua kifuko baada ya kukamua, ukate rundo la mwamba katikati kwa kisu: ukiona mfereji uliopauka na pande zake bado nyeusi, ndiyo shida yenyewe. Changanya unga na mchanga safi uliochomwa, au shanga ndogo za kioo, kisha rudia.

Joto la kiyeyushi. Jambo hili husahaulika. Katika kifaa cha Soxhlet, kile cha kioo kinachochemsha kiyeyushi na kukidondosha juu ya mwamba tena na tena, kiyeyushi kinachoangukia mwamba kimeshapozwa na kondensa. Hakiko kwenye joto lake la kuchemka. Dikloromethani huchemka kwa nyuzi 39.6, kwa hiyo mwamba wako unaoshwa kwa kitu cha uvuguvugu tu. Ndiyo sababu kazi huchukua saa 24 hadi 72. Kikamulio cha shinikizo, kwa nyuzi 100 na megapaskali 10 hivi, huweka kiyeyushi katika hali ya kimiminika juu ya joto lake la kuchemka na kumaliza kazi kwa dakika chache.

Kutolingana kwa kiyeyushi na mafuta. Sasa ndipo uguse chupa. Heksani huchukua nta na haidrokaboni nyepesi, huacha resini na asfalteni, yaani sehemu nzito za mafuta. Tolueni na tetrahidrofurani huchukua zaidi. Mchanganyiko wa dikloromethani na methanoli, sehemu 93 kwa 7 au 9 kwa 1, ni wa kuaminika kwa sababu methanoli kidogo hulegeza molekuli zilizong'ang'ania udongo. Mwamba wa Estonia hutoa mafuta yenye fenoli nyingi. Hapo kiyeyushi kisicho na ncha za umeme kitakuangusha.

Madini kushikilia mafuta. Mwamba wa Green River umejaa kalsaiti na dolomiti. Kuuosha kwa asidi hidrokloriki hafifu hufungua nafasi. Asidi hiyo hutoa povu la kabonidioksidi kwa nguvu. Weka matone, si kumimina, na tumia bika kubwa mara tano ya unachodhani kinatosha.

Kama lengo lako ni kerojeni yenyewe, huko ni kwingine. Inabidi uivunje kwa joto la nyuzi 350 hadi 400 ndani ya chombo cha shinikizo, na uwe na kiyeyushi kinachotoa haidrojeni, tetralini kwa mfano. Joto likikata kifungo, ncha mbili zilizokatika huzibwa na haidrojeni kabla hazijashikana tena kuwa makaa. Tetralini yenyewe hugeuka naftalini. Ukipata naftalini tele na mafuta kidogo, haidrojeni imetoka lakini huenda haikufika ilikotakiwa: angalia kama mchanganyiko ulikorogwa, na kama joto lilipanda polepole mno. Ukipata makaa magumu yaliyoganda ukutani, joto lilizidi au kiyeyushi kilikuwa kichache.

Simama hapa: chombo cha shinikizo kisijazwe kimiminika zaidi ya nusu kabla ya kupashwa. Kimiminika hutanuka, na kikikosa nafasi ya hewa shinikizo hupaa ghafla. Kama chombo hakina diski ya kupasukia, au hujui kilipimwa lini mara ya mwisho, usikiwashe. Mwite mkaguzi wa vyombo vya shinikizo.

Dalili ya 2: Mafuta yamezidi yale mwamba uliyonayo

Hesabu ikikupa zaidi ya kilichomo, mtu hufurahi kwanza. Usifurahi.

Mara nyingi ni kiyeyushi kilichobaki. Tolueni huchemka kwa nyuzi 110.6 na hujificha ndani ya mafuta mazito. N-methilipirolidoni huchemka kwa 202 na karibu haitoki kabisa kwa uvukizaji wa kawaida. Pima chupa, irudishe kwenye mkondo wa naitrojeni kwa nusu saa, pima tena. Uzito ukishuka, endelea mpaka usimame. Hapa kuna mtego: ukiendelea sana, unapoteza mafuta mepesi. Kwa hiyo chagua kiyeyushi chepesi mwishoni, na uandike muda uliotumia ili kila sampuli itendewe sawa.

Ya pili ni salfa. Miamba mingi ya aina hii ina salfa huru, nayo huyeyuka vizuri katika tolueni na dikloromethani, ikapimwa pamoja na mafuta kana kwamba ni mafuta. Chukua waya au vipande vya shaba, vioshe kwa asidi hidrokloriki hafifu mpaka ving'ae rangi ya waridi, suuza kwa maji, kisha methanoli, kisha kiyeyushi chako, na uvitumbukize mara moja kwenye mafuta yaliyoyeyushwa. Kama salfa imo utaiona kwa macho: mng'ao unafifia, unakuwa kahawia, halafu mweusi kama masizi, wakati mwingine kabla hujamaliza kufunika chupa. Ongeza shaba mpya mpaka kipande kibaki kinang'aa usiku kucha.

Ya tatu ni vumbi la mwamba lililopita kwenye kichujio. Choma mafuta kidogo kwenye kikombe cha kauri. Majivu yakibaki, chuja upya kwa kichujio cha mikroni 0.45.

Dalili ya 3: Unatumia kabonidioksidi na mtiririko unakatika au unayumba

Kabonidioksidi hupita nukta yake ya ukomo kwa nyuzi 31.1 na megapaskali 7.38. Juu ya hapo si gesi wala si kimiminika: hupenya kama gesi, huyeyusha kama kimiminika. Ikifanya kazi ni tamu sana, kwani mwisho wa siku unafungua vali na kiyeyushi kinaondoka chenyewe.

Mtiririko ukikatika, tazama kwanza bomba jembamba la kutokea. Gesi inaposhuka shinikizo ghafla hupoa vikali, na hapo maji huganda, nta huganda, salfa huganda, hata kabonidioksidi yenyewe huwa barafu kavu. Utaona sakitu nyeupe nje ya bomba, mtiririko unakohoa, kisha kimya. Pasha sehemu hiyo kwa mkanda wa joto, na ukaushe mwamba vizuri zaidi safari ijayo. Kamwe usiligonge bomba lililoziba likiwa na shinikizo. Funga vali ya kuingilia, punguza shinikizo kutoka upande wa pampu, subiri kipimo kisome sifuri, ndipo ulegeze kiungo.

Kama bomba liko wazi, angalia pampu. Pampu ya aina hii husukuma kimiminika, si gesi. Kichwa chake kikipata joto, kabonidioksidi huchemka ndani na pampu husukuma mapovu. Kichwa kiwe chini ya nyuzi 5. Hakikisha pia mtungi una bomba linalofika chini, maana ukichota juu unachota gesi.

Dalili ya 4: Umeongeza kirekebishi lakini mafuta hayajaongezeka

Kabonidioksidi pekee hupenda haidrokaboni nyepesi na haina hamu na resini wala asfalteni. Ndiyo maana huongezewa kirekebishi: methanoli, asetoni, tolueni, mara nyingi asilimia 5 hadi 10. Kisipoleta tofauti, kosa la kawaida ni kwamba mchanganyiko umegawanyika. Kirekebishi hupandisha joto na shinikizo la ukomo. Mtu aliyekuwa anafanya kazi kwa nyuzi 35 na megapaskali 8 kwa kabonidioksidi tupu, akiongeza methanoli bila kugeuza kitu kingine, anaweza kuwa na kimiminika chini na gesi juu, na hakuna kati ya hivyo kinachofanya kazi aliyoitarajia. Kwa methanoli, panda hadi nyuzi 60 na megapaskali 15 au zaidi. Chombo chenye kidirisha husaidia sana: ukiona mstari kati ya vitu viwili, au ukungu, bado.

Kosa la pili ni kupandisha joto bila shinikizo. Nguvu ya kabonidioksidi kuyeyusha hutegemea uzito wake kwa ujazo. Kwa megapaskali 10 na nyuzi 40, mililita moja ina uzito wa takriban gramu 0.63, pandisha joto hadi 100 kwa shinikizo lilelile, inabaki gramu 0.19 hivi. Umeipasha moto na kuinyang'anya nguvu kwa mkono mmoja.

Kama yote hayo ni sawa, jaribu kuloweka: weka kirekebishi moja kwa moja juu ya mwamba, funga, acha dakika 20 hadi 30 bila mtiririko, ndipo ufungulie. Udongo unahitaji muda kuachia ulichoshika.

Dalili ya 5: Mafuta yana matope, au yanaganda chini ya chupa

Tofautisha mawili. Kama ni kati ya maji na mafuta, tabaka nene la rangi ya maziwa lisilotengana, hiyo ni chembe ndogo za udongo zimekaa mpakani. Ongeza chumvi kwenye maji, izungushe kwenye mashine ya kutenganisha kwa mzunguko, kausha kwa sodiamu salfeti. Usitikise tena kwa nguvu.

Kama ni chembe nyeusi zilizotokea baada ya siku mbili, au baada ya kuongeza heksani, ni asfalteni. Zilikuwa zimeyeyuka, ukazitoa kwa kupunguza nguvu ya kiyeyushi. Irudishie tolueni uone kama zitayeyuka. Zikiyeyuka, hakuna kilichoharibika. Ukitaka kuzitenga makusudi, tumia mililita 40 za heptani kwa kila gramu ya mafuta. Na kama kilichoganda ni cha rangi hafifu na kinapotea ukipasha chupa kwa kiganja, ni nta tu.

Dalili ya 6: Uchambuzi unaonyesha vitu ambavyo mwamba hauwezi kuwa navyo

Linganisha na ule mzunguko mtupu. Fthaleti hutoka kwenye plastiki: mirija, vifuniko, glovu. Vifuko vya selulosi navyo hutoa mafuta yake. Vikamue kwanza peke yake usiku kucha. Ukitumia asetoni kwa joto kwenye mwamba wenye udongo, molekuli zake hushikana zenyewe zikazaa alkoholi ya diasetoni na oksidi ya mesitili, na mgeni anaweza kuandika kwamba amegundua oksijeni nyingi kwenye mafuta yake. Tetrahidrofurani nayo huja na BHT iliyowekwa na mtengenezaji kuizuia isiharibike, nayo hubaki kwenye mafuta baada ya kuvukiza.

Dalili za kuacha kila kitu

Harufu ya mayai viza ni haidrojeni salfaidi, inayotoka asidi inapokutana na salfaidi za madini au kerojeni yenye salfa inapopashwa moto. Ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni, hupooza pua. Kwa hiyo harufu ikiisha ghafla bila wewe kufungua dirisha wala kuzima kitu, usidhani imeondoka. Toka nje, watoe na wenzako, usirudi bila kipima gesi. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila kifaa cha kupumulia, ita waokoaji.

Fuwele nyeupe kwenye kifuniko cha tetrahidrofurani, tetralini au etha ni perosaidi. Usifungue, usisogeze, usikwaruze. Ita wataalamu wa kuondoa kemikali hatari. Kwa chupa ambazo bado ni safi, pima kwa vijiti vya perosaidi kabla ya kuvukiza, na usivukize mpaka kukauka.

Kaboni disalfaidi huwaka yenyewe ikigusa kitu chenye nyuzi 90. Bomba la mvuke linatosha, bila cheche. Kama maabara yako ina sahani ya moto chumba kileile, usitumie kaboni disalfaidi.

Asidi hidrofloriki, inayotumika kuondoa silika ili kubaki na kerojeni tupu, ni kazi ya maabara iliyoandaliwa kwa ajili hiyo na mtu aliyefundishwa, basi. Inakula kioo, hivyo vyombo ni vya plastiki maalumu, na maumivu yake yanaweza kuchelewa huku ikiendelea kushuka kwenye mfupa. Jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla chupa haijafunguliwa. Tone likigusa ngozi, osha kwa maji mengi mara moja, paka jeli, nenda hospitali hata kama huumii.

Na glovu za nitrili za kawaida: dikloromethani hupita ndani yake kwa dakika chache mno. Ukimwagikiwa, vua papo hapo, usingoje kumaliza unachofanya.

Unapomwita fundi au mtaalamu, mpe vitu hivi mkononi: aina ya mwamba na namba yake ya Fischer, kiyeyushi na kirekebishi kwa asilimia, joto na shinikizo ulilosoma dakika ya mwisho kabla ya tatizo, matokeo ya mzunguko mtupu, na chupa yenyewe ya mafuta ikiwa bado haijafunguliwa tangu ulipoona kosa.